Kabla Hujanyoosha Mkono Kuuliza

Andika swali lako la hesabu au fizikia kwenye karatasi kwanza. Nusu ya maswali hufia hapo hapo.

Kama ni la mfululizo usio na mwisho, yaani kujumlisha namba zisizoisha, usije na ile hoja ya "namba zinakaribia sifuri, kwa hiyo jumla ina kikomo." 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea zinapungua vizuri tu, ila jumla yake haina dari. Mwendo wa kobe: kuipita 10 unahitaji namba 12,367. Lakini inapita. Zigawe mafungu: 1/3 + 1/4 inazidi nusu, nne zinazofuata zinazidi nusu, nane za baada yake vilevile. Oresme, msomi Mfaransa, aliliona hili karne ya 14. Na 1 − 1 + 1 − 1 na kuendelea bila mwisho usiitie mabano ovyo, itakupa 0 au 1, upendavyo.

Kwenye uhusianifu, ile nadharia ya Einstein ya mwendo, nafasi na wakati, sharti ni moja, na mimi nililijua kwa kuaibika. Mwaka wa pili chuoni niliingia semina nikiamini nimemkamata Einstein. Yeye anasema kinachokwenda kasi hufupika kwa anayekiona kikipita. Ngazi ya mita 10 inakimbia kwa asilimia 60 ya kasi ya mwanga. Ghala lina mita 8. Kwa aliyesimama ghalani, ngazi imefupika hadi mita 8, inaenea, na milango yote miwili inafungwa na kufunguliwa kufumba na kufumbua. Kwa anayekwenda na ngazi, kilichofupika ni ghala: mita 6.4. "Sasa mita 10 zinaingiaje humo?" Nilichora mpaka ngazi inavyotoboa mlango! Mwalimu hata mchoro hakuutazama. Akauliza, "Milango inafungwa kwa pamoja kwa saa ya nani?"

Nikabaki na chaki yangu.

Kwa mwenye ngazi, haifungwi pamoja. Wa kutokea unafungwa na kufunguliwa kwanza. Wa kuingilia unafuata nanosekunde 20 (sehemu 20 za bilioni za sekunde) baadaye. Katika muda huo ghala limeshasogea mita 3.6, zile zile zilizokuwa zimebaki nje. 10 toa 6.4. Hesabu inakubali.

Kwa hiyo kila tukio liandikie mahali, wakati, na ni kwa saa ya nani. Na lile fumbo la pacha, mmoja anasafiri angani kwa kasi kubwa na kurudi akiwa na umri mdogo kuliko mwenzake, usisahau nani aligeuza chombo kurudi nyumbani. Beba kalamu inayoandika. Video ya dakika tatu usiitegemee. Kama umekesha, kalale, uulize kesho.