Namna ya Kutazama Sanamu za Kisasa za China Bustanini na Makumbushoni

Ukifika mbele ya sanamu, kisome kibao cha maelezo baadaye. Izunguke kwanza sanamu yenyewe, kwa sababu upande wa nyuma mara nyingi hueleza jambo ambalo upande wa mbele umelificha, kisha sogea karibu uone imeundwa kwa kitu gani na kwa namna gani.

Miamba ya chuma ya Zhan Wang, msanii wa Beijing aliyeanza mfululizo huo mwaka 1995, ni mahali pazuri pa kujizoeza. Mabati ya chuma cha pua hugongwa kwa nyundo juu ya mwamba halisi hadi yashike kila bonde na kila tundu, halafu vipande hivyo hubanduliwa, huchomelewa pamoja na kung'arishwa mpaka maungio yasionekane. Simama karibu na mmojawapo: utajiona umevutwa na kupindwa pamoja na miti na watu wanaopita nyuma yako. Siku ya mawingu mwamba huohuo huwa na sura nyingine kabisa.

Baada ya hapo jiulize kazi hiyo inajibu kitu gani cha zamani, swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye faida kuliko yote. Kwa karne nyingi wasomi wa China walithamini mawe yaliyotobolewa na maji, hasa ya Ziwa Tai, wakiyapima kwa wembamba, mikunjo, mifereji na matundu yake, na Zhan Wang anayarudisha mawe hayo yakiwa yamevaa chuma cha mji mpya. Zhang Huan, msanii mwingine wa China, hufanya kinyume chake. Buddha wake wa miguu mitatu, wa mwaka 2007, aliyeko Storm King, bustani ya sanamu katika jimbo la New York, ana nusu ya chini tu ya mwili, huku kichwa cha mtu kikiwa chini ya unyayo mmoja, na maungio ya shaba yake yameachwa wazi kama makovu. Chimbuko lake ni vipande vya sanamu za Kibudha zilizovunjwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao Zedong dhidi ya mambo ya kale, ambavyo msanii alivikuta Tibet.

Mahali pa maonyesho pia pana maana. Vichwa 12 vya wanyama wa zodiaki ya China vya msanii Ai Weiwei, vya mwaka 2010, vinarejelea vile vya chemchemi ya Yuanmingyuan, kasri la wafalme huko Beijing lililoporwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860. Kwa hiyo vilipowekwa London mwaka 2011, vilikuwa vimesimama katika mji mkuu wa mmoja wa waporaji.