Gari kutetemeka kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) na kusita ukikanyaga mafuta: tafuta ugonjwa kabla ya kununua spea

Habari zenu wanachama. Wiki iliyopita aliingia hapa gereji Ngamiani, Tanga, kijana mwenye Corolla 110, injini ya 5A-FE, amekuja nayo kutoka Pangani. Kwa miezi miwili alikuwa amebadilishiwa plagi, koili (inayotengeneza moto wa plagi) na pampu ya petroli, na gari bado linatetemeka likisimama, ukilikanyaga linasita kwanza ndipo liende. Nilipochomoa waya wa plagi ya silinda ya tatu, ulitoka unachuruzika oili. Injini hizi plagi zake zimekaa ndani ya visima, na kila kisima kina sili yake chini ya kifuniko cha valvu. Sili zilikuwa zimekauka, kisima kimejaa, na moto ulikuwa unapotelea pembeni badala ya kufika kwenye plagi. Aliyefunga plagi mpya lazima aliiona ile oili. Aliifuta akafunga.

Jambo hili limeniuma. Kijana alitumia fedha nyingi kununua vitu vizima ili kutupa vitu vizima. Kwa hiyo leo naandika njia ninayoifuata mwenyewe, ili hata ukimpelekea fundi mwingine ujue cha kumuuliza.

Hatua ya 1: Uliza lini

Usifungue kitu bado. Linatetemeka likiwa la baridi tu, au hata likishapata moto? Linaanza baada ya mvua? Linatulia ukiwa kwenye mwendo? Au sailensi ni nzuri, ila ukipanda mlima kwenda Amani linajikata? La baridi tu, shuku sensa ya joto la maji. La mvua, shuku umeme wa plagi. La mlimani, shuku petroli haifiki ya kutosha au moto ni dhaifu injini inapobeba mzigo. Lile linalotetemeka limesimama na kutulia kwenye mwendo, mara nyingi kuna hewa inaingia pasipotakiwa. Jibu la mwenye gari linaniokolea nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Sikiliza ekzosi

Injini ikiwa sailensi, simama nyuma usikilize. Pumzi ikiruka kwa mpangilio, pu-pu-pu-kimya, pu-pu-pu-kimya, silinda moja haifanyi kazi. Ikiruka ovyo, tatizo linagusa silinda zote: hewa, petroli au umeme wa jumla.

Hatua ya 3: Tafuta silinda mgonjwa

Hapa ndipo nataka mtulie. Wengi huchomoa waya za plagi moja moja injini ikiunguruma. Kwanza utapigwa shoti. Pili, moto wa koili ukikosa pa kwenda unaweza kuharibu koili yenyewe au sehemu za ndani ya distribyuta (kifaa kinachogawia plagi moto). Zima injini. Chomoa waya wa silinda ya kwanza, uuchomeke kwenye plagi ya zamani, na hiyo plagi uifunge barabara kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Washa. Mtetemo ukizidi, silinda ile ilikuwa nzima. Zima, rudisha, nenda ya pili. Utakayoitoa na injini isibadilike hata kidogo, ndiyo mgonjwa wako.

Faida nyingine ni kwamba unauona moto wenyewe. Wa buluu unaoruka kwa kishindo ni mzuri. Mwekundu na mwembamba ni dhaifu. Ila moto unaoruka vizuri nje bado unaweza kushindwa ndani ya silinda penye mgandamizo, kwa hiyo usiuamini peke yake.

Hatua ya 4: Soma plagi

Toa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu: petroli imezidi au hewa imepungua. Imelowa petroli: moto haufiki. Nyeupe kama chaki: hewa imezidi petroli. Imelowa oili kwenye ncha: ringi au sili za valvu. Oili ikiwa juu, upande wa waya, ni yale ya kijana wa Pangani. Plagi moja ikitofautiana na wenzake, rudi kwenye silinda ile ile.

Hatua ya 5: Waya na distribyuta, usiku

Sisi wa Tanga tunaishi na upepo wa bahari, na chumvi yake inakula vichwa vya waya. Egesha gizani, fungua boneti, injini ikiwa sailensi. Ukiona vicheche vinarukaruka kwenye waya, ndipo panapovuja. Kisha injini ikiwa imezimwa, kagua pia waya wa athi (hasi) unaotoka betri kwenda kwenye injini. Unga wa kijani pale ni ugonjwa kamili. Na ukirudisha waya kwenye 5A, moto unakwenda 1-3-4-2.

Hatua ya 6: Hewa

Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa na kwenye gesketi ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa). Mlio ukibadilika, umepata tundu. Msinyunyize petroli kama nilivyoona watu wakifanya, gari linaungua.

Kuna siri ndogo hapa. Injini yenye sensa ya kupima mgandamizo wa manifoldi, kama 5A nyingi, mpira ukipasuka mara nyingi sailensi hupanda, kwa sababu kompyuta inaiona ile hewa na kuongeza petroli. Yenye kipimo cha hewa kwenye bomba la filta haiioni, kwa hiyo petroli inakuwa pungufu na gari linatetemeka na kusita. Jua lako ni la aina gani kabla ya kuhukumu.

Hatua ya 7: Petroli

Filta kwanza. Kisha chukua kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani uiache itulie: maji yatakaa chini. Chomoa pia mpira mwembamba wa hewa wa regyuleta ya petroli (inayodhibiti presha yake). Ukinusa au kuona petroli ndani yake, regyuleta imepasuka.

Hatua ya 8: Kompyuta

Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji mashine. Kwenye kiboksi cha DIAGNOSIS karibu na injini unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Mbili, kimya, mbili ni 22: sensa ya joto la maji. 31 ni kipimo cha hewa au mgandamizo, 41 ni sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina kosa ililolihifadhi. Soma maandishi ndani ya kifuniko, usikosee tundu.

Hatua ya 9: Mgandamizo

Kama yote ni mazima, pima. Kwa injini hizi silinda isishuke chini ya psi 142, na tofauti kati yao isizidi 14. Angalia na mkanda wa taimingi kama umeruka jino.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, Muheza: Shikamoo fundi. Gari yangu nikiwasha AC kwenye foleni inataka kuzima. Bila AC iko vizuri.

Jibu: Marahaba mwalimu. AC ni mzigo, na valvu ya sailensi inatakiwa iongeze hewa kuubeba. Yako pengine imejaa masizi. Ifunguliwe isafishwe pamoja na throto, kwa dawa ya kusafishia kabureta. Usikubali wapandishe skrubu ya sailensi tu.

Dereva, Korogwe: Fundi, otomatiki yangu nikiweka D na breki, usukani unatetemeka. N inatulia. Mlio hauna misi, haukatikikatiki.

Jibu: Kaka, mlio ukiwa safi, anza na mauntini za injini (mipira inayoishikilia). Vuta handibreki, kanyaga breki, badilisha D na R huku mwenzio akitazama injini kwa ubavuni, asisimame mbele ya gari. Ikinyanyuka sana, mpira umekatika.

Mwanachama, Raskazone: Kaka, niliosha injini jana kwa presha, leo inamisi. Ninunue koili?

Jibu: Usinunue. Fungua kifuniko cha distribyuta, kausha ndani, na mashimo ya plagi pia. Ukiona ndani mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, hicho kifuniko kimekufa.

Mkulima, Pangani: Mzee wangu, pikapu ya kabureta. Ukikanyaga ghafla inasita kidogo, halafu inakwenda.

Jibu: Kijana wangu, injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa filta ya hewa, chungulia kooni mwa kabureta, vuta mkono wa throto. Petroli iruke papo hapo kama sindano. Sigara iwe mbali.

Mkulima, Pangani: Nimevuta mara tano. Hakuna kinachotoka.

Jibu: Basi kipampu cha ndani ya kabureta ndicho kimechoka, au tundu lake limeziba. Gari liache nyumbani, panda basi na kabureta yako kwenye mfuko. Kabla ya kufungua, piga picha mipira yote ilivyokaa.