Taa ya betri ikiwaka safarini, tazama mkanda kwanza

Taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka gari likiwa linatembea, usikimbilie kununua betri. Mara nyingi betri ni nzima. Kinachokosekana ni chaji ya alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari.

Simama mahali salama, zima injini, fungua boneti utazame mkanda wa alteneta. Kwenye magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukiwa umekatika, usiendelee hata kilomita moja: maji hayazunguki, injini itachemsha na gasketi ya silinda hedi itaungua. Kwa mkanda unaokazwa kwa bolti, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea.

Mkanda ukiwa mzima, shika mita ya volti upime betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma volti 12.6 hivi. Ukiwasha injini, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuzidi kushuka, alteneta haichaji: kaboni (vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani yake) zimeisha, au regyuleta (kidhibiti cha volti) imekufa. Kaboni ni za bei ndogo, kwa hiyo mwambie fundi umeme azikague kabla hujauziwa alteneta nzima. Ikipita 15, regyuleta inaichemsha betri.

Na tafadhali, usikubali fundi achomoe waya wa betri injini ikiunguruma eti anapima alteneta. Umeme huruka ghafla, na kompyuta ya gari inaweza kuungua palepale.