Namna ya Kumlinda Mtoto Anayejifunza Baleti kwa Lengo la Kuifanya Kazi: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Nyanda za Juu Kusini

Mtoto anayejifunza baleti kwa lengo la kuifanya kazi huingia mapema katika maisha ya kupimwa na kuchujwa. Katika shule kubwa za Ulaya mafunzo ya kutwa huanza akiwa na umri wa miaka 11 hivi, pengine chini ya hapo, na mwishoni mwa mwaka wapo wanaoambiwa kwamba hawataendelea. Kwetu Iringa, Mbeya na Njombe mtoto wa namna hiyo kwa kawaida hujifunzia katika ukumbi wa kanisa au darasani baada ya vipindi, kisha jioni huongezea kwa video za simu, huku ndoto yake ikielekea Nairobi, Johannesburg au London. Umbali huo haumpunguzii shinikizo hata kidogo, kwa kuwa hujilinganisha na wenzake wa mbali bila kujua wana walimu wangapi, wanaruka juu ya sakafu ya aina gani, wala ni daktari yupi anayewaangalia.

Yapo mengi ya kumfanyia mtoto huyo, lakini naliweka moja mbele ya yote: afundishwe kusema, kwa adabu na mapema, pale mwili wake unapokataa.

Mpe maneno kabla hajayahitaji

Katika malezi yetu mtoto hajibizani na mkubwa. Darasa la baleti nalo lina desturi yake ya ukimya: mwalimu husahihisha, mwanafunzi huitikia kwa kichwa na kurudia. Ukimya wa nyumbani ukikutana na ukimya wa darasani, mtoto mwenye kifundo cha mguu kilichovimba ataruka mpaka kipindi kiishe, na nyumbani atasema amechoka tu. Kumwambia "ukiumia sema" hakutoshi, maana hajui aseme vipi bila kuonekana mkaidi.

Kwa hiyo mfundisheni sentensi yenyewe, naye aitamke nyumbani mara kadhaa mpaka imkae mdomoni: "Shikamoo mwalimu. Samahani, kifundo cha mguu wa kushoto kinauma tangu jana. Naomba leo nifanye mazoezi ya kushika bomba, nisiruke." (Bomba ni lile la kujishikilia wakati wa mazoezi ya kusimama.) Ndani ya maneno hayo mna mahali panapouma, muda wa maumivu, na kile ambacho mtoto bado anaweza kukifanya. Hilo la mwisho ndilo linalomwondolea tuhuma ya uvivu, na ndilo linalompa mwalimu njia ya kuendelea naye.

Mwalimu naye ana sehemu yake, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi. Akijibu mbele ya darasa zima, "Asante kwa kuniambia, mwanangu, simama pale, fanya mikono," wenzake wote wamesikia kwamba kusema hakuna adhabu. Akijibu, "Mbona wenzako hawalalamiki?" amewafunga midomo watoto wote waliomo ukumbini, na jeraha linalofuata hatalijua mpaka liwe kubwa.

Adabu hiyohiyo itumike katika kuguswa. Baleti husahihishwa kwa mkono mara nyingi, mwalimu akinyoosha mgongo au kugeuza nyonga ya mwanafunzi, na ni haki ya mtoto kuombwa ruhusa kwanza na kusema, "Mwalimu, naomba unionyeshe bila kunishika." Mzazi aruhusiwe kuingia na kukaa nyuma ya ukumbi siku yoyote, na somo la mtu mmoja katika chumba kilichofungwa lisikubaliwe, hata mwalimu awe na sifa gani. Jina kubwa halimlindi mtoto. Mwaka 2019 tume iliyochunguza shule ya baleti ya Opera ya Taifa ya Vienna ilieleza kwamba watoto waliokuwa wakisoma pale hawakulindwa ipasavyo.

Uchovu na jeraha havifanani

Misuli iliyofanyishwa kazi huuma pande zote mbili za mwili, huuma zaidi kesho yake, na hupoa ndani ya siku chache mtoto akiendelea kutembea na kujinyoosha kidogo. Jeraha huwa na mahali pake. Mwambie mtoto aonyeshe kwa kidole kimoja. Akigusa sehemu ndogo juu ya mfupa wa muundi au wa unyayo na kushtuka, na ikiwa maumivu huzidi anaporuka au humwamsha usiku, mzuie kuruka siku hiyohiyo na umpeleke hospitali. Yafaa kujua kwamba ufa mdogo wa mfupa unaweza usionekane kwenye picha ya eksirei katika wiki 2 au 3 za mwanzo, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi kuruka iwapo maumivu bado yapo. Rudini mkaangaliwe tena.

Kipindi cha kurefuka haraka kinahitaji uvumilivu wa pekee. Mifupa hutangulia, misuli hufuata, na mtoto aliyekuwa mwepesi mwaka jana hukakamaa, hupoteza mizani na kudhani kipaji kimemtoka. Kwa bahati mbaya hapo ndipo walimu wengi huongeza kazi. Inayofaa ni kinyume chake: kupunguza miruko, kutomvuta miguu kwa nguvu, na kumweleza wazi kwamba hali hiyo hupita.

Kuhusu kugeuza miguu nje, jambo ambalo watoto hulilazimisha kwa kuitazama miguu ya watu kwenye simu, kanuni ni kwamba mgeuko hutoka kwenye nyonga. Mtoto anapokunja magoti katika plie, goti lielekee juu ya kidole cha pili cha mguu. Likiangukia ndani, nyayo zirudishwe hadi goti likae sawa, hata kama umbo litaonekana dogo. Viatu vigumu vya kusimamia ncha za vidole navyo visubiri. Walimu makini hawaanzishi kabla ya umri wa miaka 11 au 12, na hata hapo huangalia nguvu za kifundo na miaka ya maandalizi kuliko siku ya kuzaliwa. Usimnunulie mtoto viatu hivyo mitumbani ukavisifia bei, kwani kiatu kilichokwisha kulainika kwa mguu wa mtu mwingine hakimshikilii yeye.

Sakafu na baridi

Kumbi zetu nyingi zina sakafu ya saruji, na saruji hailegei mtu anapotua. Kishindo chote hurudi kwenye muundi, goti na kisigino. Hapa watu wa nyanda za juu tuna bahati ambayo hatuitumii, kwa sababu mbao za paina kutoka Sao Hill zinapatikana Mafinga, na fundi seremala yeyote mwangalifu anaweza kutengeneza jukwaa la kufanyia mazoezi. Mwombe apange papi zikiachana kidogo, akigundisha chini yake vipande vya mpira au sponji ngumu kwa nafasi zinazolingana, ili papi iweze kupinda kidogo katikati ya kipande na kipande. Juu yake alaze tabaka 2 za plaiwudi, viungo vya tabaka la juu visiangukie vya chini, na akaze kwa skrubu ambazo vichwa vyake vimezama kabisa, kwa kuwa msumari ukichomoza utachana unyayo. Asipake vanishi, maana huteleza. Wazazi wakichangishana, jukwaa moja la kutosha watoto wachache kwa zamu litawafaa kuliko kila mmoja kununua sare.

Mpaka jukwaa lipatikane, miruko iwe michache, na ile inayobaki ifanywe kwa raba zenye soli nene. Watoto wengi wameiona video ya mwaka 2020 ya Anthony Madu wa Lagos akicheza baleti mvuani, pekupeku juu ya sakafu ngumu iliyolowa, naye baadaye akapata nafasi katika shule ya Elmhurst huko Birmingham. Video ile ni nzuri mno, lakini mtoto aelezwe kwamba sakafu ile haikumsaidia kwa lolote.

Baridi ya Juni hadi Agosti nayo ina madhara yake, hasa kwa walioko Makete, Njombe na Mufindi. Dakika 15 hadi 20 za kutembea haraka na kukimbia taratibu zitangulie kabla ya kunyoosha miguu, na mtoto asianze kwa kukaa msamba. Nguo maalumu za kufunika miguu ni ghali, lakini sweta la mtumba la Mwanjelwa linafanya kazi ileile: kata mikono ya sweta hilo, mvalishe mtoto miguuni kuanzia kwenye kifundo mpaka juu ya goti. Kipindi kikiisha abadilishe fulana iliyolowa jasho kabla ya kupanda bodaboda.

Chakula, uzito na hedhi

Mtoto aliyekunywa chai alfajiri na kula makande ya shule saa 7 mchana huanza mazoezi ya saa 10 akiwa na njaa. Mfungie viazi vya kuchemsha, yai, ndizi mbivu au karanga. Usiku ale ashibe: ugali, maharage, mboga za majani, maziwa, na usipa wa Ziwa Nyasa anayeliwa pamoja na mifupa yake, ambamo mna madini ya kujenga mifupa yetu. Parachichi la Rungwe au Njombe humfaa sana yule anayeshiba upesi, kwa sababu kipande kidogo kina nguvu nyingi. Chai ninaipenda kama mtu yeyote aliyekaa karibu na mashamba ya Mufindi, ila ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, hivyo isubiri saa moja. Wakati wa Ramadhani au mfungo mwingine, ratiba ya mazoezi ipunguzwe mapema, kabla mtoto hajaanguka.

Darasani pasiwe na mzani, wala mwalimu asiseme lolote kuhusu tumbo au mapaja ya mwanafunzi mbele ya wenzake. Mzazi aangalie iwapo mtoto anapika kwa furaha lakini hali, anaenda chooni kila baada ya mlo, anahisi baridi muda wote, au majeraha yake hayaponi. Msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi 3, au ambaye hajaipata kabisa akiwa na miaka 15, aonwe na daktari. Usikubali kuambiwa kwamba ni kawaida ya wachezaji. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa maelezo rasmi juu ya hali ya mwili kukosa nishati ya kutosha kwa ajili ya mazoezi, ikaonyesha kwamba huathiri mifupa, moyo, homoni na akili, na kwamba wavulana nao hupatwa. Anza kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi omba rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Kukataliwa na kualikwa

Mtoto akikosa nafasi, mwombe mwalimu maelezo ya kitu kinachoweza kufanyiwa kazi na kile kisichoweza, kwa mfano umbo la nyonga, ambalo mtu huzaliwa nalo. Hofu ya kuchelewa ipunguzwe kwa mifano ya kweli: Misty Copeland wa Marekani alianza baleti akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kupandishwa kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre. Masomo ya shule yasiachwe, na Novemba ya mtihani wa kidato cha nne mazoezi yakae pembeni. Anayetaka kubaki katika sanaa anaweza pia kuomba Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Mwaliko wa nje huhitaji uangalifu mkubwa kuliko kukataliwa. Mashindano halali yana kanuni zilizo wazi. Prix de Lausanne ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1973, hupokea vijana wa miaka 15 hadi 18. Barua inayodai ada ya usajili itumwe kwa simu ya mtu binafsi usiilipe. Tafuta mawasiliano ya shule kwenye tovuti yake, si yale yaliyoandikwa kwenye barua, kisha uulize nani atakuwa mlezi wa mtoto, nani atalipa bima na tiketi ya kurudi, atasoma masomo gani mengine, na pasipoti itakaa kwa nani. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kiandaliwe mapema, maana bila hicho pasipoti husumbua. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata awe amesaini mkataba. Na kama kuna jambo lililofanyika darasani ambalo mtoto anaogopa kulisema mbele yenu, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haitozwi, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto la polisi watampokea akiwa pamoja na shangazi, bibi au mtu mzima yeyote anayemwamini.