Kura zimekaribiana: jinsi ya kuomba zihesabiwe upya, kuanzia kituoni hadi Mahakama Kuu

Mwaka mmoja nilikuwa wakala wa chama katika kituo kimoja cha kupigia kura cha Mufindi, Tanzania. Vituo hufungwa saa 10 jioni, na huku kwetu ukungu haukawii kushuka. Tulihesabia darasani, taa ya sola juu ya dawati, kura zimefungwa kwa mpira mafungu ya hamsini hamsini. Fungu moja nililiona jembamba. Nikasimama: "Mheshimiwa msimamizi, naomba zihesabiwe tena." Lilikuwa na 47. Hakuna aliyeiba, ni uchovu tu. Ila jimboni kura tatu tatu za vituo vingi zinaweza kuamua mbunge ni nani.

Ndiyo maana nasema ombi lako la kwanza lifanyike pale pale kituoni. Mgombea au wakala aliyepo hesabu inapokamilika anaruhusiwa kumwomba msimamizi wa kituo azihesabu upya. Liseme kabla ya fomu ya matokeo kusainiwa, kwa sauti ambayo mawakala wote wataisikia, na utaje sababu: fungu pungufu, kura halali iliyotupwa kwenye zilizoharibika, idadi ya kura kuzidi ya waliopiga. Akikataa, jaza fomu ya malalamiko usiku huohuo. Kususa kusaini na kuondoka hakubatilishi matokeo. Kunakunyima ushahidi tu.

Kisha dai nakala yako. Matokeo ya urais, ya ubunge na ya udiwani kila moja yana fomu yake. Nawaomba mawakala wa Makete, Kilolo na Rungwe, msiondoke bila karatasi hiyo, hata kama gari la chama linapiga honi. Piga picha pia tangazo linalobandikwa nje ya kituo. Jimboni, msimamizi wa uchaguzi anajumlisha. Mgombea akae na nakala zake zote alinganishe kituo kwa kituo.

Matokeo yakishatangazwa, Tume ya Uchaguzi haiwezi tena kukusaidia. Ubunge unapingwa kwa shauri la uchaguzi Mahakama Kuu, na kwa watu wa huku masjala zake, yaani ofisi za kufungulia mashauri, zipo Mbeya mjini na Iringa mjini. Udiwani unakwenda Mahakama ya Hakimu Mkazi. Urais haupingwi mahakamani. Ibara ya 41(7) ya Katiba imefunga mlango huo.

Una siku 30 tangu kutangazwa. Hesabu siku hizo kwenye kalenda ya ukutani, maana ukichelewa shauri hutupwa bila kusikilizwa. Anayeweza kufungua ni mgombea, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, au hata mpiga kura wa jimbo hilo. Kwenye hati omba waziwazi uhakiki wa kura, ukieleza kwamba mgombea wako ndiye mwenye kura halali nyingi, na utaje vituo kwa majina. Malalamiko ya jumla jumla ya "tumeibiwa" hayafiki mbali: lazima uonyeshe kasoro iliyoathiri matokeo.

Sasa fedha. Dhamana ya gharama, yaani fedha unazoweka mahakamani kwa ajili ya gharama za upande wa pili ukishindwa, ni hadi shilingi milioni 5 kwa kila mjibu maombi (kila unayemshtaki), na ndani ya siku 14 baada ya kufungua lazima uiombe mahakama ipange kiasi. Wengi huanguka hapa. Zamani milioni 5 hizo zilikuwa lazima kwa kila mtu, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 2002, katika kesi ya Julius Ndyanabo, kwamba sharti hilo linamfungia maskini mlango wa haki. Kwa hiyo kama huna uwezo, ombi lako la kupunguziwa au kusamehewa liandikwe pamoja na lile la dhamana. Usione haya.

Kukubali matokeo hakuna fomu wala ada. Ukishalinganisha nakala zako na jumla ikalingana, mpigie simu mshindani wako aliyeshinda kabla vijana hawajajaa Mwanjelwa, pale Mbeya, kisha nenda kwa mawakala wako uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe.