Andaa malisho sahivi majani yakiwa bado yapo

Ndugu zangu wafugaji wa Simanjiro, Longido, Monduli na kote kunakokauka mapema, naandika hii sahivi sababu majani yakishaisha hamna tena cha kuandaa. Mwanzoni mwa 2022 vuli ilikuwa imegoma, Simanjiro ng'ombe wakawa wanalala chini hawainuki mpaka uwanyanyue kwa mikono, na sisi nyumbani majani tulikuwa nayo bondeni tukayaacha yakazeekea pale pale. Inaniuma mpaka leo.

Kwanza fuatilia utabiri. TMA, wale wa mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa wa vuli (Oktoba mpaka Desemba) na wa masika (Machi mpaka Mei) kabla msimu haujaanza. Usiishie kusikia ni chini ya wastani, sikiliza mvua inaanza lini na kama kuna vipindi virefu vya ukavu katikati. La Niña (bahari ya Pasifiki ikipoa kuliko kawaida) kwa kaskazini huku mara nyingi vuli inakuwa haba, El Niño (ikipata joto kuliko kawaida) mara nyingi inazidi.

Alafu fungia eneo mvua ikianza tu, mifugo isiingie mpaka kiangazi, Wamasai wanaita alalili, Wasukuma ngitili, wazee walishalijua hili zamani ila sikuhizi tunavunja mapema kwa tamaa. Kubalianeni na majirani, la sivyo unatunza wewe anakula mwingine.

Sasa kufunga marobota, hapa ndo kwenye kazi. Kata nyasi zikianza kutoa maua, ukisubiri mpaka zidondoshe mbegu unafunga vijiti. Anika siku 2 au 3, geuza geuza, chukua mkononi sokota, ukiona bado zina unyevu usifunge, zitaota ukungu na zitakuumizia mifugo. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, tandaza kamba 2 ndani, jaza majani huku unashindilia kwa miguu, kaza kamba, nyanyua sanduku. Hilo robota ni kama kilo 20. Panga juu ya fito yasiguse ardhi, ezeka juu.

Piga hesabu mapema. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anakula kilo 6 hadi 7 za majani makavu kwa siku, kwahiyo robota moja ni siku 3, miezi mitatu ni marobota 30 kwa ng'ombe mmoja. Mwenye 60 anahitaji 1,800 na hatoyapata, ndo maana nasema chagua: wenye mimba, wanaonyonyesha, mitamba na dume la mbegu wale wanabaki, wengine uza wakiwa bado na nyama. Najua kuuza kunauma, mzee atakwambia unamaliza zizi, ila ukichelewa mnadani utapewa bei ya mbuzi na bado utashukuru.

Mabua ya mahindi yasichomwe shambani, yabebeni. Mtama ndo muwe makini sana, ukiwa umenyauka kwa jua au unachipua upya baada ya mvua unakuwa na sumu ya sianidi, ng'ombe mwenye njaa akiingia humo anaweza kufa hapo hapo.

Na mvua ikirudi usishangilie haraka. Mnyama aliyekonda akinyeshewa usiku baridi inammaliza, andaa kibanda hata cha turubai. Asubuhi mpe majani makavu kidogo kabla hajaenda kwenye majani mabichi, vinginevyo tumbo linajaa gesi. Mvua zikizidi mbu wanaleta homa ya bonde la ufa, ilitupiga 1997/98 ikarudi 2006/07 ikaua mpaka watu, chanjo inachomwa kabla ya mvua sio mbu wakishajaa. Ukiona ng'ombe au kondoo wengi wanatupa mimba kwa pamoja, usishike kile kitoto kwa mikono mitupu, usichinje wala kunywa maziwa mabichi, mpigie afisa mifugo siku hiyo hiyo.