Kabla Hujasaini Fomu ya Utafiti wa Sukari na Figo

Ukiletewa fomu ya ridhaa ukiwa kwenye benchi la kliniki ya sukari, omba uende nayo nyumbani. Baba yangu mdogo aliisaini palepale, akiamini kwamba akikataa angenyimwa insulini. Usiku tulipomsomea tukakuta imeandikwa wazi: kukataa, au kujitoa katikati, hakumpunguzii mtu huduma. Iliandikwa, ila hakuna aliyemsomea kabla ya kusaini. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwanza tazama kibali. Tanzania, utafiti wa afya unapaswa kuwa na kibali cha maadili, na kwa majaribio ya dawa jina la NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na la TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) yatafutwe kwenye karatasi. Kenya, ulizia kamati ya maadili iliyoupitisha na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

Kisha jua figo zako ziko wapi leo, maana zinapoanza kuharibika haziumi. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu, na kichujio cha figo chote ni mishipa ya namna hiyo. Ndiyo sababu watafiti wa figo watakuchungulia pia macho na kukagua miguu. Andika kwenye daftari presha yako na vipimo viwili: albumini (protini ya damu) kwenye mkojo, ambayo ikiwa miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) na ikabaki hivyo miezi 3 ni dalili ya madhara, na kasi ya figo kuchuja damu, ambayo ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa muda huohuo ni ugonjwa wa figo. Siku ya kupima usiende ukiwa na homa, U.T.I., hedhi au uchovu wa mazoezi mazito, kwa kuwa albumini hupanda bila figo kuwa na kosa. Nyama nyingi ya jana usiku nayo hupandisha kreatinini. Ukiwa na selimundu au upungufu wa damu, sema mapema: kipimo cha sukari ya miezi 3, HbA1c, kinaweza kudanganya.

Watu wengi huogopa kura, yaani kupangiwa kidonge kisicho na dawa ndani. Uliza hivi: je, dawa zangu za kawaida zinaendelea? Katika utafiti wa RENAAL wa losatani, dawa ya presha, uliotangazwa mwaka 2001 na kuwa na wagonjwa 1,513, waliopewa kidonge kitupu waliendelea kutibiwa presha kwa dawa nyingine. Losatani wanayomeza wagonjwa wetu leo ilipata sifa ya kulinda figo za wenye kisukari kwa sababu watu hao walikubali. Ninawashukuru kwa dhati.

Uliza pia nani anaangalia usalama na ana uwezo wa kusimamisha utafiti. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD, wenye washiriki 10,251, ulisimamisha kundi lililoshushiwa sukari kwa nguvu sana, baada ya vifo kuonekana vingi zaidi humo kuliko kundi la pili. Wengi tungedhani kushusha zaidi ni kheri tupu. CREDENCE nao ulikatishwa mapema, lakini kwa habari njema: kanagliflozini, dawa inayotoa sukari kwa njia ya mkojo, ilikuwa imeshaonyesha kwamba inalinda figo, na matokeo yalitoka mwaka 2019.

Hapo ndipo lilipo swali ninaloliona kubwa kuliko yote: utafiti ukiisha na dawa ikaonekana inafaa, nitaipata wapi, kwa pesa ya nani, kwa muda gani? Jibu liwe limeandikwa. “Tutaangalia” si jibu kwa mtu atakayemeza dawa maisha yake yote.

Orodhesha kila unachotumia, mitishamba ikiwemo, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huumiza figo. Mwanamke anayeweza kupata mimba aseme, kwani dawa za kundi la losatani ni hatari kwa mtoto tumboni. Anayefunga Ramadhani aulize kabla, hasa kwa dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kwa sababu zinapunguza maji mwilini. Aulize pia afanye nini akitapika au kuhara. Ukiambiwa uje bila kula, uliza kama insulini ya asubuhi ichomwe au isubiri, na beba chakula chako. Nauli waeleze wazi wanarudisha kiasi gani.

Mwisho, chukua namba ya simu ya dharura na uipigie usiku kabla ya kusaini. Isipopokelewa, fomu ikae bila sahihi mpaka upewe inayopokelewa.